Mtu Mmoja Ndani ya 47,564,296

Hotuba kwa wanafunzi, walimu na wazazi katika siku ya klabu za hisabati, Kisumu

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, na nyinyi wanafunzi wa Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega, pamoja na wale walioamka alfajiri wakatoka Nakuru: oyawore.

Niliombwa nizungumze juu ya nambari kubwa. Nikawauliza walionialika, kubwa kiasi gani? Wakasema, mwalimu, chagua mwenyewe. Nimechagua hii niliyoiandika ubaoni, 47,564,296. Tuisome pamoja, polepole: milioni arobaini na saba, mia tano sitini na nne elfu, mia mbili tisini na sita.

Ndiyo idadi ya watu waliohesabiwa Kenya katika sensa ya mwaka 2019. Ilitangazwa tarehe 4 Novemba mwaka huo: wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716, na huntha 1,524, ambao kwa mara ya kwanza walipewa safu yao wenyewe badala ya kusukumwa katika safu ya wengine. Nambari hii ninaipenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kihisabati, na ndiyo itakayochukua muda wetu mwingi. Ya pili ni kwamba mimi nilikuwa mmoja wa makarani walioizoa nyumba kwa nyumba.

Nilipangiwa sehemu ya Nyalenda. Usiku wa sensa ulikuwa Jumamosi tarehe 24 Agosti kuamkia Jumapili. Jumapili hiyo niliingia kwenye ua mmoja, kishikwambi mkononi na chaki mfukoni, nikaanza maswali: nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo? Mama mzee wa ua ule akanitajia watu sita. Nikaandika. Nilipogeuka kuandika alama mlangoni akaniita, "Mwalimu, ngoja. Wa saba yuko ndani." Alikuwa mtoto aliyezaliwa humo humo chumbani saa tano usiku, saa moja tu kabla ya saa sita ambayo ndiyo mpaka wa kuhesabu. Mama mzee alikuwa na wasiwasi kwamba mtoto asiye hata na jina haandikwi. Nilimwambia anaandikwa. Umri: sifuri. Nikaenda nyumba ya pili.

Mkumbukeni mtoto huyo. Tutamrudia.

Kwanza tuikague nambari yenyewe, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari nalo linataka kukaguliwa. Wazee waliofanya biashara kabla ya kikokotoo walikuwa na njia ya kutoa tisa. Jumlisha tarakimu za nambari mpaka ibaki tarakimu moja. Wanaume: 2, 3, 5, 4, 8, 0, 5, 6, jumla 33, na 3 na 3 ni 6. Wanawake: jumla ya tarakimu ni 25, inashuka kuwa 7. Huntha: 12, inashuka kuwa 3. Sasa 6 na 7 na 3 ni 16, yaani 7. Na ile nambari kubwa? Tarakimu zake zinajumlika kuwa 43, yaani 7. Zimekubaliana.

Kwa nini inafanya kazi? Kwa sababu 10 ni 9 na 1, 100 ni 99 na 1, 1,000 ni 999 na 1. Kila nafasi unayopanda huacha moja nje ya tisa. Kwa hiyo jumla ya tarakimu hubeba baki lile lile ambalo nambari nzima ingeacha ukiigawanya kwa tisa. Fikirieni mama anayepima omena pale Kibuye: magorogoro yaliyojaa anayaweka kando, anaangalia kilichobaki chini tu. Lakini njia hii ina udhaifu, na ni haki niuseme. Karani akiandika 65 mahali pa 56 amekosea kwa 9 kamili, na ukaguzi huu hautamnasa. Huonyesha makosa mengi. Hauthibitishi kwamba hakuna kosa.

Sasa tuingie ndani. Kila nambari nzima iliyozidi moja ina ukoo. Inaundwa kwa kuzidisha nambari tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Waliozipa jina la tasa kwa Kiswahili walitazama upande mmoja tu, kwamba hazina vigawo vya ndani. Kwangu mimi hizo ndizo zenye uzazi, maana nambari zote nyingine zimetoka kwao. Na ukoo wa kila nambari ni mmoja tu. Mwanafunzi wa Kisumu na mwanafunzi wa Beijing wakiichambua 47,564,296, kila mmoja kwa njia yake, watafika kwenye tasa zile zile.

Tuichambue. Inaishia na 6, kwa hiyo ni shufwa. Tarakimu tatu za mwisho ni 296, nayo ni 8 mara 37. Kwa kuwa elfu moja hugawanyika kwa nane, tarakimu tatu za mwisho zinatosha kuamua: nambari nzima inagawanyika kwa nane. Wazazi wangu hapa wanaikumbuka thumuni, ile senti hamsini. Thumuni maana yake ni sehemu moja ya nane. Basi nambari yetu inatoa thumuni bila baki: 5,945,537.

Hapo ushufwa umekwisha. Je, tatu? Tarakimu zilijumlika kuwa 43, na 43 haigawanyiki kwa tatu. Tano? Haiishii na 0 wala 5. Tunafika saba, kumi na moja, kumi na tatu, na hapa ndipo wanafunzi wengi huweka kalamu chini. Msiiweke. Ninayo zawadi yenu, nayo ni 1,001.

Zidisheni 7 mara 11 mara 13. Mnapata 1,001. Kwa hiyo elfu moja ni 1,001 kasoro moja. Mbele ya 7, 11 na 13, kila elfu ina thamani ya kasoro moja, na kila milioni, ambayo ni elfu mara elfu, ina thamani ya kasoro mara kasoro, yaani jumlisha moja. Basi kata nambari vipande vya tarakimu tatu tatu kutoka kulia: 296, 564, 47. Kipande cha kwanza jumlisha, cha pili toa, cha tatu jumlisha. 296 toa 564 jumlisha 47 ni kasoro 221. Na 221 ni 13 mara 17. Saba hapana, kumi na moja hapana, kumi na tatu ndiyo. Kipimo kimoja kimejibu maswali matatu, na hatukugawanya nambari kubwa hata mara moja. Nimefundisha miaka mingi, na bado kila nikikiandika kipimo hiki ubaoni nafurahi kama siku ya kwanza.

5,945,537 gawanya kwa 13 ni 457,349. Tukaijaribu 13 tena, hapana. 17, hapana. 19? Kwa 19 kuna njia ya kukata mkia: toa tarakimu ya mwisho, izidishe kwa mbili, ongeza kwenye kilichobaki. 45,734 jumlisha 18 ni 45,752. Rudia: 4,575 jumlisha 4 ni 4,579. Rudia: 457 jumlisha 18 ni 475. Rudia: 47 jumlisha 10 ni 57. Na 57 ni 19 mara tatu. Inagawanyika! 457,349 ni 19 mara 24,071.

Na 24,071? Hapa nilikaa jioni nzima. Nilianza tena 19, nikaenda 23, 29, 31, nikapanda. 29 iliniachia baki la 1, na 83 vilevile baki la 1. Anayegawanya kwa mkono anajua uchungu wa baki la 1. Nilisimama 151. Kwa nini hapo? Kwa sababu tasa inayofuata ni 157, na 157 mara 157 ni 24,649, imeshapita nambari yetu. Kama 24,071 ingekuwa na vigawo viwili, lazima kimoja kiwe kidogo kuliko 157, na hivyo vyote nilikuwa nimevijaribu. Kutoka 2 mpaka 151 kuna nambari tasa 36 tu. Majaribio 36 kwa kalamu na karatasi, na unajua kwa yakini, si kwa kukisia, kwamba 24,071 ni tasa.

Basi ukoo wa nambari yetu ni huu: 2 mara 2 mara 2, mara 13, mara 19, mara 24,071. Ukizidisha zile ndogo unapata 1,976. Wakenya wote waliohesabiwa mwaka ule wangeweza kupangwa katika makundi 1,976 yenye watu 24,071 kila moja, asibaki hata mtu mmoja pembeni. Kwa kaunti zetu 47 haiwezekani, ingawa nambari yenyewe inaanza na 47. Ukiwagawa sawasawa kwa kaunti, watu 14 wanabaki barabarani.

Nitaje jambo moja nje kidogo ya njia. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mahali panapoitwa Ishango, upande wa Kongo, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Si mbali sana na ziwa letu. Mfupa ule ni wa zaidi ya miaka elfu kumi na mbili, na una mikwaruzo iliyopangwa kwa mafungu. Katika safu moja mafungu ni 11, 13, 17 na 19, tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Sisemi aliyeichora alijua nambari tasa. Wataalamu hawajakubaliana juu ya maana yake. Lakini kuhesabu kwa makini, kukwaruza alama moja kwa kila kitu kimoja, kumekuwako huku kwetu tangu zamani sana. Mwanafunzi asikubali kuambiwa kwamba hisabati ilitujia kwa meli.

Sasa tabia. Mwaka 100 hivi baada ya Kristo, Nicomachus wa Gerasa, mji ambao leo ni Jerash nchini Jordan, aliandika juu ya aina tatu za nambari. Chukua vigawo vyote vya nambari isipokuwa yenyewe, uvijumlishe. Jumla ikiwa ndogo kuliko nambari, nambari ni pungufu. Ikiwa kubwa, nambari ni ya ziada. Ikiwa sawasawa, nambari ni timilifu. Kumi: vigawo ni 1, 2 na 5, jumla 8, ni pungufu. Kumi na mbili: 1, 2, 3, 4, 6, jumla 16, ni ya ziada. Sita: 1, 2 na 3, jumla 6. Timilifu.

Nicomachus alizifananisha pungufu na viumbe waliokosa viungo, na za ziada na viumbe wenye viungo kupita kiasi. Hapo siko naye. Nambari haina dhambi wala kilema, na mtu akianza kuipa sifa za binadamu atamaliza kwa kuwapa binadamu sifa za nambari.

Nambari yetu ni ipi? Ina vigawo 32. Jumla ya vyote, pamoja na yenyewe, hupatikana kwa ukoo wake: 1 na 2 na 4 na 8 ni 15, 1 na 13 ni 14, 1 na 19 ni 20, 1 na 24,071 ni 24,072. Zizidishe: 15 mara 14 mara 20 mara 24,072, yaani 101,102,400. Toa nambari yenyewe, zinabaki 53,538,104. Ni kubwa kuliko 47,564,296. Nambari ya Wakenya wa 2019 ni ya ziada, tena kwa 5,973,808.

Na kuna njia fupi zaidi, ambayo naipenda kuliko hesabu hiyo ndefu. Tazameni 8 mara 13, ambayo ni 104. Vigawo vyake ni 1, 2, 4, 8, 13, 26, 52. Jumla ni 106. Imezidi 104 kwa mbili tu. Lakini nambari ikishakuwa ya ziada, kila nambari inayozaliwa kwa kuizidisha ni ya ziada pia. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nambari yetu ni kizazi cha 104, na kwa hiyo hatukuhitaji hata kuijua 24,071. Tungeweza kusimama kule kwenye 13 tukaandika jibu.

Sasa turudi Nyalenda, kwenye ua wa yule mama mzee.

Tuseme sikumgeukia aliponiita. Tuseme nimeandika sita nikaondoka, na makarani wengine wote nchini wakaandika vile vile walivyoandika. Nambari ingekuwa 47,564,295. Kwa macho, nani angeona tofauti? Gazeti lingeandika milioni 47.6 siku hiyo hiyo. Lakini nambari mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Nane imekwenda. Kumi na tatu imekwenda. Kumi na tisa imekwenda, na 24,071 imekwenda. Mahali pao wamekuja wageni: inaishia na 5, kwa hiyo tano imeingia, tarakimu zinajumlika kuwa 42, kwa hiyo tatu imeingia. Ni 3 mara 5 mara 3,170,953, na hiyo ya mwisho haigawanyiki kwa 7, 11, 13, 17 wala 19. Tasa zilizo juu ya hapo ni kubwa mno, hazina uwezo wa kuijazia vigawo vya kutosha. Nambari ile ni pungufu.

Bila mtoto yule ni pungufu. Pamoja naye ni ya ziada. Mtoto wa saa moja, asiye na jina, amebadilisha ukoo mzima wa nambari ya taifa, hakuacha hata kigawo kimoja mahali pake ila 1. Najua kila mmoja wa wale milioni 47 angeweza kuwa yeye, maana kila mmoja akiondoka peke yake hutuacha kwenye 47,564,295 ile ile. Ndivyo ninavyotaka mjue. Watu husema nambari kubwa ni lundo, ukitoa mmoja hakuna kilichoharibika. Anayesema hivyo anatazama nambari kutoka mbali.

Mtauliza juu ya kaunti zetu. Nakuru ilihesabiwa watu 2,162,202. Ni shufwa, na tarakimu zinajumlika kuwa 15, kwa hiyo inagawanyika kwa sita. Imekwisha, ni ya ziada. Nusu yake, theluthi yake na sudusi yake zinajumlika kuwa yenyewe kamili, halafu bado kuna kigawo 1 na vingine, kwa hiyo imezidi. Kisumu yetu ilihesabiwa 1,155,574, ambayo ni 2 mara 7 mara 59 mara 1,399. Vigawo vyake vinajumlika kuwa 860,426. Kisumu ni pungufu. Ndugu zetu wa Nakuru, naona mnacheka. Kwetu Vihiga nilikozaliwa ni 590,013, inayogawanyika kwa tisa, na Bungoma ni 1,670,570, inayogawanyika kwa kumi na moja. Ijaribuni kwa kipimo cha 1,001 mkiwa garini.

Mkikitumia kipimo hicho kwa Kisumu mtapata 420, ambayo ni 7 mara 60. Kwa Nakuru mtapata 42, ambayo ni 7 mara 6. Kwa Kakamega, watu 1,867,579, mtapata kasoro 287, ambayo ni 7 mara 41. Zote tatu zinagawanyika kwa saba! Nilipoiona mara ya kwanza moyo ulinienda mbio. Kisha nikaenda Siaya, 993,183, hapana. Busia, 893,681, hapana. Vihiga, hapana. Katika kaunti 47, mtu anatarajia sita au saba hivi zigawanyike kwa saba, na tatu kati yake zimetokea kuwa zile ninazozipenda. Hilo ni sadfa. Nawaambia hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu ninawajua vijana wa rika lenu wanaoamini kwamba kuna nambari yenye bahati, na wanaipelekea karo ya shule kwenye vibanda vya kamari. Saba ni nambari tasa. Hiyo ndiyo sifa yake. Haimjui mtu.

Nambari timilifu ni adimu. Baada ya 6 inakuja 28, halafu 496, halafu 8,128. Euclid, miaka 300 hivi kabla ya Kristo, alionyesha namna ya kuzipata: anza na 1, ongeza 2, ongeza 4, ongeza 8, kila mara ukiongeza mara mbili ya uliyoongeza mwisho. Jumla ikiwa tasa, izidishe kwa ile uliyoongeza mwisho. 1 na 2 ni 3, tasa, mara 2 ni 6. Ukiongeza 4 ni 7, tasa, mara 4 ni 28. Ukiongeza 8 ni 15, si tasa, pita. Utafika 2,047 ambayo inaonekana tasa kabisa, lakini ni 23 mara 89, imewadanganya wengi. Ya tano inapatikana kwenye 8,191, mara 4,096. Ni 33,550,336.

Tazameni sasa. Sensa ya 1999 ilihesabu Wakenya 28,686,607. Ya 2009 ilihesabu 38,610,097. Ile timilifu ya tano iko katikati. Na idadi ya watu haiwezi kuruka. Hupanda kwa mmoja mtoto anapozaliwa, hushuka kwa mmoja mtu anapofariki. Hata pacha hutoka mmoja mmoja, na hata wawili wakizaliwa Kisumu na Garissa kwa pumzi ile ile, ukiupima muda vizuri mmoja atakuwa ametangulia. Anayepanda ngazi bila kuruka kipandio hukanyaga vyote. Kwa hiyo, kati ya sensa zile mbili, ulikuwako muda ambapo Wakenya walikuwa 33,550,336 kamili, si zaidi si pungufu. Hakuna aliyejua. Mimi huenda nilikuwa darasani nikifundisha vigawo.

Timilifu ya sita ni 8,589,869,056. Kenya haitaifikia. Lakini Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba dunia ilifika watu bilioni nane tarehe 15 Novemba 2022, na kwa makadirio yake dunia nzima itaipita nambari hiyo katika miaka ya 2030. Nyinyi mtakuwa watu wazima. Mtakuwa mnafanya kazi, mtakuwa mmeshikilia watoto wenu, na mwanadamu mmoja mahali fulani atazaliwa na kutufanya timilifu, kwa kitambo kifupi, kabla ya anayefuata.

Kila timilifu ya aina hii inatokana na tasa ya namna ya 3, 7, 31, 127, 8,191. Iliyotangazwa Oktoba 2024, ikiwa tasa kubwa kuliko zote zilizopata kujulikana, iligunduliwa na Luke Durant: ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 136,279,841, ukatoa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Kama tungewapa Wakenya wa 2019 tarakimu moja moja waishike, zingeisha na watu 6,539,976 wangebaki mikono mitupu. Lakini kila mtu kuanzia Busia mpaka mbali sana angekuwa ameshika kipande cha nambari moja.

Nimebakiza kazi. Niliwaambia Kakamega ni 1,867,579, na kwamba inagawanyika kwa saba. Ukigawanya unapata 266,797, hii ninayoiandika sasa. Je, ni tasa? Sitawaambia. 516 mara 516 haijaifikia, 517 mara 517 imeipita, kwa hiyo mnajua pa kusimama. Kuanzia 2 mpaka 516 kuna nambari tasa 97, na nimehesabu viti: mko zaidi ya hao. Kila mmoja achukue tasa moja, agawanye kwa mkono, aandike baki lake hapa ubaoni kwa chaki. Akipatikana mmoja tu mwenye baki sifuri, asimame.

Binti wa kiti cha kwanza, wewe 2. Anayefuata, 3. Wewe 5. Endeleeni.